UZI: Mtambo wa upepo unavyotoa umeme, na kwa nini upime upepo wa kwako kabla ya kutoa hela

Ticha wa Kisongo (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Kwenye ule uzi wa LUKU watu kadhaa wameuliza kuhusu vimtambo vya upepo vinavyouzwa mtandaoni, vile vya kufunga juu ya bati, boksi limeandikwa wati 1,000. Mdau mmoja wa Njiro ameshaanza kuweka hela pembeni. Nimefungua uzi wa peke yake kwa sababu kumwambia mtu "usinunue" tu hakumsaidii. Akielewa mtambo unavyofanya kazi atajiamulia mwenyewe, na atajua wapi huku kwetu kaskazini upepo una faida na wapi unapoteza hela yake.

Pangaboi la sebuleni linakula umeme, linazungusha mapanga, upepo unatoka. Mtambo wa upepo ni kazi hiyohiyo kinyumenyume. Ila umbo la panga ni jingine kabisa. Limechongwa mfano wa bawa la ndege: upande mmoja umebinuka, upande wa pili umelala, halafu limesokotwa kidogo kutoka shina hadi ncha. Hewa ikipita juu yake, kanieneo ya upande uliobinuka inashuka, panga linavutwa kuelekea huko. Ni nguvu ileile inayonyanyua ndege pale uwanja wa KIA. Wengi wanadhani upepo unalisukuma panga tu. Kusukuma kupo, lakini kinachozungusha mtambo wa kisasa ni huko kunyanyuliwa, na ndiyo maana ncha ya panga hukimbia hata mara sita au saba ya kasi ya upepo wenyewe. Kitu kinachosukumwa tu hakiwezi kuupita upepo unaokisukuma.

Mapanga yanazungusha shafti nene ndani ya ile nyumba iliyo juu ya mnara. Mtambo mkubwa unazunguka polepole, mara 15 au 20 kwa dakika, wakati jenereta ya kawaida kwa gridi yetu ya hezi 50 (umeme unaopiga mizunguko 50 kwa sekunde) inataka kama mizunguko 1,500 kwa dakika. Katikati hapo ndipo inakaa gia boksi. Mitambo mingine haina gia boksi, inatumia jenereta pana yenye sumaku nyingi zilizopangwa duara, ili hata ikienda taratibu zipite sumaku za kutosha mbele ya nyaya kila sekunde.

Ndani ya jenereta ni jambo alilolionyesha Michael Faraday mwaka 1831: sumaku ikisogea karibu na koili ya waya wa shaba, umeme unazaliwa ndani ya waya. Bwawa la Nyumba ya Mungu, Bwawa la Nyerere, jenereta ya dizeli ya hotelini, kote ni Faraday huyohuyo. Kinachobadilika ni nani anazungusha: maji, moto au upepo.

Umeme unaotoka hapo unayumba kwa kufuata upepo, kwa hiyo unapita kwenye konvata inayoutengeneza upya uwe hezi 50 iliyotulia, kisha transfoma inapandisha volti ili usafiri. Juu kabisa kuna kipimo cha kasi na mwelekeo. Upepo ukihama, mota zinageuza nyumba nzima iutazame. Ukizidi, kwa mitambo mingi ni kama mita 25 kwa sekunde, mapanga yanajigeuza ubavu na mtambo unajizima usije ukavunjika.

Kuhusu mtambo inatosha kwa sasa. Kinachoamua kama utapata uniti ni upepo wenyewe, na huko ndiko hela za watu zinapotelea. Ulizeni.

Mkazi wa Njiro

Mwalimu, shukrani sana. Ni mimi ndiye ninayeweka hela. Boksi linasema W 1,000, kipenyo cha mapanga mita 2, kinaanza kazi upepo wa mita 3 kwa sekunde. Nyumbani tunatumia kama uniti 5 kwa siku. Nikikifunga, nikaongeza na betri, si natosheka? Huku kwetu jioni upepo upo, migomba inacheza vizuri tu.

Ticha wa Kisongo

Kaka, tupige hesabu pamoja, taratibu.

Nguvu iliyo ndani ya upepo ni nusu ya uzito wa hewa, mara eneo la duara la mapanga, mara kasi ya upepo ikizidishwa yenyewe kwa yenyewe mara tatu. Hiyo "mara tatu" ishike sana. Kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu haiongezeki mara mbili wala mara nne. Inaongezeka mara nane.

Usawa wa bahari, mita moja ya ujazo ya hewa ina uzito wa kama kilo 1.2. Arusha tuko juu, karibu mita 1,400, hewa ni nyepesi zaidi, kama kilo 1. Kwa hiyo tumeshapoteza sehemu kabla hatujaanza. Mtu wa Moshi mjini, aliye chini yetu, ana nafuu kidogo.

Kipenyo cha mita 2 kinakupa duara la mita za mraba 3.14. Upepo wa mita 3 kwa sekunde, ule wa kuchezesha majani ya mgomba, una wati 42 hivi kwenye duara lote. Huwezi kuzichukua zote. Mwaka 1919 Mjerumani Albert Betz alipiga hesabu akaonyesha kwamba hakuna mtambo unaoweza kuvuna zaidi ya asilimia 59.3 ya nguvu ya upepo unaoupitia. Sababu yake inaeleweka bila hesabu ngumu: ukiinyang'anya hewa nguvu yote, itasimama nyuma ya mapanga, na hewa iliyosimama inaizuia inayokuja. Lazima uiachie nguvu ya kuondokea. Mitambo mikubwa iliyotengenezwa vizuri inafika asilimia 40 na kitu. Kadogo kama kako tukape 30.

Asilimia 30 ya wati 42 ni wati 13 tu. Ukivuma hivyo usiku na mchana bila kupumzika, umepata theluthi moja ya uniti kwa siku (uniti moja ni wati 1,000 kwa saa nzima).

Sasa pandisha upepo ufike mita 6, ule unaoinua vumbi na karatasi barabarani. Unapata kama wati 100. Pandisha ufike mita 12, matawi makubwa yanayumba na mwavuli haushikiki, unapata wati 800 na kidogo. Ile 1,000 ya kwenye boksi imepimwa kwenye upepo wa namna hiyo au zaidi. Hawajakudanganya, ila wamekupa namba ya siku ambayo Njiro huipati mara nyingi. Ukitaka uniti 5 kwa siku unahitaji wastani wa wati 208 muda wote, mchana na usiku.

Fundi wa Pasua, Moshi

Naongezea kwa upande wa kazi za mikono, maana nafunga sola na nimeitwa kurekebisha hivi vitu zaidi ya mara moja.

Kwanza bati. Upepo ukigonga ukuta wa nyumba unapanda, unajikunja, unakuwa vurugu juu ya paa. Mtambo unageuka huku na huku hautulii, beringi zinaisha mapema. Mtetemo nao unashuka hadi kenchi, mwenye nyumba analala anasikia mngurumo. Niliyemhudumia mwisho alikuwa ameuziwa na duka moja pamoja na bomba la mita 2 la kukishikia. Nilimwambia ukweli, tukakishusha, tukatumia betri na inveta yake kwa sola.

Pili, jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Sola betri zikijaa, unakata tu, paneli zinakaa juani na hakuna kinachoharibika. Mtambo wa upepo ukiukata mzigo unakuwa mwepesi, unazunguka kwa kasi ya hatari mpaka panga linaweza kuchomoka. Ndiyo maana lazima uwe na kontrola inayohamisha umeme wa ziada kwenda kwenye hita ya kumalizia. Ukiona mtu anakuuzia mtambo na hataji hiyo, ondoka.

Ticha wa Kisongo

Nakazia yote aliyosema fundi. Na hiyo ya bati inatuleta kwenye urefu.

Upepo karibu na ardhi unasuguana na miti, nyumba na vichaka, unapungua. Kwa kanuni ya makadirio inayotumika kwenye nchi ya wazi, ukitoka mita 10 kwenda mita 80 kasi inaongezeka kama theluthi. Theluthi inaonekana ndogo. Lakini kasi hiyo ukiizidisha yenyewe kwa yenyewe mara tatu kama nilivyosema juu, nguvu inakuwa mara 2.4. Mnara mrefu ni gharama, na wanaoujenga wanajua wanachokifuata huko juu.

Halafu Njiro, Sakina, Kijenge, kote tuko chini ya Meru. Kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, inapovuma kati ya Novemba na Machi, mlima umesimama njiani. Ongeza miti na maghorofa. Moshi nako mlima una upepo wake: mchana jua linapasha mteremko, hewa inapanda kuelekea Kibo, usiku inapoa na kushuka mabondeni. Unausikia usoni, unaburudisha, ila kwa mapanga mara nyingi ni mwepesi.

Kwa nyumba ya mjini, Arusha au Moshi, jibu langu ni sola. Nasema hivi nikiwa mtu ninayeupenda upepo kuliko mitambo yote. Nje ya mji ni habari nyingine, na ndiyo ninayotaka tuizungumze.

Mzee wa Same

Mwanangu, nimesoma yote. Huku Same upepo tunao tangu tumezaliwa, miti mingine imekua imeinama. Vijana wangu wanasema Kenya wana mitambo mamia. Sisi tumekosa nini?

Ticha wa Kisongo

Shikamoo mzee wangu. Miti iliyoinama upande mmoja ni ushahidi mzuri, hata wataalamu huitazama wanapotafuta eneo. Wala nchi haijalala kabisa kwenye kupima: Mgagao kule Mwanga, Mkumbara upande wa Tanga, Karatu, Makambako, Kititimo pale Singida, zote ni sehemu ambazo upepo wake ulishapimwa. Singida na Makambako ndizo zinazotajwa zaidi kwa mitambo mikubwa.

Kenya, mradi wa Ziwa Turkana una mitambo 365, kila mmoja kilowati 850, jumla megawati 310. Pale upepo unabanwa kati ya nyanda za juu za Ethiopia na za Kenya, unapita kwenye mlango huo kwa nguvu karibu mwaka mzima. Kipenyo cha mapanga ni mita 52. Ukizunguka mara 26 kwa dakika, ncha yake inakimbia zaidi ya kilomita 250 kwa saa, wakati ukiwa mbali unauona kama unazunguka kwa uvivu.

Lakini sikiliza hili mzee, ni funzo kwetu. Mitambo ya Turkana ilikuwa imesimama tayari mwaka 2017, umeme ukaanza kuingia gridi Septemba 2018. Kilichosubiriwa ni laini ya kusafirisha, zaidi ya kilomita 400 kutoka Loiyangalani hadi Suswa. Upepo unavuma, mitambo ipo, waya hamna. Huwezi kuubeba upepo ukauleta mjini, ni lazima waya uufuate.

Kwa hiyo mtu akiniuliza kwa nini nina matumaini na kaskazini, simwonyeshi upepo kwanza. Namwonyesha zile nguzo kubwa za kilovolti 400 zinazotoka Isinya Kenya, zinapita Namanga, Arusha, Babati hadi Singida. Singida iliyo na upepo iko upande mmoja wa laini, Arusha iko katikati.

Na tuna wa kwetu tayari. Mwenga, wilaya ya Mufindi, kuna mitambo mitatu ya kilowati 800, jumla megawati 2.4, tangu 2020. Imefungwa kusaidiana na umeme wa maji wa hapohapo wa megawati 4. Naipenda sana akili ya mradi ule. Kiangazi mto unapungua, na kiangazi hichohicho ndicho kusi inavuma. Upepo ukiwepo maji yanapumzika, upepo ukikata maji yanafunguliwa.

Mkazi wa Njiro

Kumbe. Sasa upepo ukikata ghafla wakati gridi inautegemea, si ndiyo tunarudi kwenye mgao?

Ticha wa Kisongo

Hapana, kama gridi imepangwa vizuri. Upepo wa eneo pana haukatiki kama swichi. Mitambo ya sehemu moja inapungua, ya kwingine inaendelea, na utabiri unaonyesha saa nyingi kabla. Maji ndiyo mwenzake bora, kwa sababu lango la bwawa linafunguliwa na turbaini inaitikia ndani ya muda mfupi. Bwawa la Nyerere peke yake lina megawati 2,115. Nchi yenye maji kiasi hicho inaweza kubeba upepo mwingi bila kutetereka.

Dereva wa Watalii

Mwalimu, mimi kazi yangu ni porini. Hawa ndege je? Tumbusi wanazidi kupungua, na ukisema mitambo iende Longido kuelekea Ziwa Natron, pale kuna heroe.

Ticha wa Kisongo

Kaka, hofu yako ni ya kweli na sitaki ipuuzwe. Tumbusi anatazama chini akitafuta mzoga, haangalii mbele sana, na ile ncha ya kilomita 250 kwa saa haimpi nafasi. Mradi wa Kipeto, Kajiado kule Kenya, wenye mitambo 60, wameweka watu wa kutazama anga. Tumbusi akikaribia, mtambo unasimamishwa. Inawezekana, na umeme unaopotea kwa kusimama ni kidogo.

Natron nakubaliana nawe moja kwa moja. Ndilo ziwa ambalo heroe wadogo wa Afrika Mashariki wanalitegemea kuzaliana, na heroe husafiri usiku, mtazamaji hawezi kuwaona. Kwa maoni yangu njia yao iachwe. Upepo wa Longido ni mpana, hatulazimiki kwenda ziwani.

Mama wa Longido

Habari zenu. Nimefurahi Longido imetajwa. Sisi ni kikundi cha akina mama, tuna kisima cha mifugo chenye jenereta ya dizeli, na tunataka friji ya chanjo za mifugo. Zamani kulikuwa na vile vya upepo vya kuvuta maji, mapanga mengi mengi. Kwa nini hivi vya umeme vina matatu tu? Na kwetu upepo ni mkali kweli, hasa mchana, usiku unalala. Tununue au tusinunue?

Ticha wa Kisongo

Dada, karibu sana. Maswali yako ndiyo yaliyonifanya nifungue huu uzi.

Pampu inataka nguvu ya kuanzia hata upepo ukiwa mdogo, haihitaji kasi. Mapanga mengi yanashika upepo mwingi, yanazunguka polepole kwa nguvu, yanainua fimbo ya pampu. Jenereta inataka kasi, na mapanga mengi yanachafuliana hewa. Matatu yanatosha na yanakaa kwa uwiano, mtambo hautikisiki sana kama wenye mawili. Wadenmark ndio waliolithibitisha hilo: mtambo wa Gedser wa mwaka 1957, kilowati 200, mapanga matatu, ndio uliofungua njia kwa mengi tunayoyaona leo.

Kuhusu kununua, kwanza mpime. Ila namna ya kupima ndiyo muhimu, maana hapa hata waliosoma wanateleza. Usichukue wastani wa siku halafu ukapiga hesabu. Tuseme kwenu upepo ni mita 8 nusu ya siku na mita 2 nusu iliyobaki. Wastani ni 5. Tano mara tano mara tano ni 125. Lakini ukipiga kila nusu kivyake, 8 inakupa 512, 2 inakupa 8, wastani wake ni 260. Zaidi ya mara mbili! Kwa hiyo upepo wenu wa kuvuma mchana na kulala usiku unaweza kuwa na nguvu nyingi kuliko wastani wake unavyoonyesha. Tafuteni kipimo kinachohifadhi kasi kila baada ya dakika chache, si cha kutazama kwa macho na kuandika mara moja kwa siku. Mkiweza pimeni mwaka mzima. Mkishindwa, angalau mpate miezi ya kusi na miezi ya kaskazi.

Kwa friji ya chanjo anzeni na sola na betri, haiwezi kusubiri vipimo vya mwaka. Kisima ndicho cha kukiwekea mtambo baadaye namba zikikubali, kwa sababu maji yanavutwa upepo ukiwepo na tenki linatunza.

Fundi wa Pasua, Moshi

Mama, kipimo msikifunge kwenye bati la ofisi ya kijiji. Nguzo ya mita 10, ndiyo kimo kinachotumiwa na watu wa hali ya hewa viwanjani, namba zenu mtaweza kuzilinganisha na za KIA. Zile zao zikitolewa kwa noti, noti moja ni kama nusu mita kwa sekunde.

Mama wa Longido

Nguzo tunayo, ilibaki mradi wa maji ulipokwisha. Tulitaka kuisimamisha pembeni ya tenki, kuna uzio.

Ticha wa Kisongo

Tenki lina urefu gani dada? Kama ni mita 4, nguzo ikae umbali wa mita 40 au zaidi, na iwe wazi upande ambao kusi inatokea. Uzio mtaujenga upya hukohuko, miiba haina gharama.